Mbu wa Suwedi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Dokta Badrudin, mkuu wetu wa idara, kanisimamisha ngazini leo. Hongera, hongera! Mikono yote miwili. Kumbe kachungulia ile tovuti inayohesabu mtafiti kanukuliwa mara ngapi, na nukuu zangu zimepita za idara nzima, zake yeye pamoja! Na kamati ya vyeo inakaa Jumatano ya wiki ijayo. Uprofesa huo, anasema, ushaupata.

Nimejifungia ofisini kutazama. Kweli bwana. Sheha S. M., nukuu mia nne na ushei. Mimi? Nani kawanukuu konokono wangu wa kichocho kiasi hiki? Wala hawana mashabiki wale.

Raha sijaiona. Nimekaa, nimesimama, nimekaa.

Jumanne, 4 Februari

Nimejua.

Ni mbu! Ile makala ya mbu wa Makunduchi wanaowauma watu barazani, chandarua kimetundikwa ndani bure. Ya Suwedi, mdogo wangu. Mama alitaka watoto wake waanze na S: Sumaiya, Suwedi. Baba Mcha, babu Sheha. Majarida ya nje yanadai jina la ukoo – ukoo upi sisi? – tukaandika la babu, mengine yakabaki herufi. Sheha S. M. na Sheha S. M. Mashine ikatufanya mtu mmoja.

Bila ya mbu nukuu zangu ni za kuonewa huruma. Mwaka juzi kamati ilinirudisha kwa hizo hizo. Nikirudishwa tena, basi, nitastaafu hivi hivi nilivyo.

Kusahihisha ni kubonyeza tu: makala hii si yangu. Kidole kilikuwa pale pale. Nikasema ngoja niswali kwanza. Nimeswali. Sijabonyeza.

Ijumaa, 7 Februari

Chakula cha mchana kwa mama, Jang'ombe. Pilau.

Suwedi kaja na kanzu yake ya sala, uso umemshuka. Shikamoo Da Suma. Marahaba. Wale wa ng'ambo alikoomba nafasi ya utafiti wamemjibu: wametafuta jina lake, hawaoni makala hata moja. Athibitishe, mwisho Jumatano ijayo, au nafasi wampe mwengine.

"Sasa makala yangu imekwenda wapi?" Ananiuliza mimi!

Nikasema labda mtandao. Mtandao! Mwongo mkubwa wee.

Akatoa simu pale pale mkekani, akatafuta. Halafu: "Da Suma, mbona iko kwako?" Nikasema eti, ajabu hiyo. Mama akataka kuelezwa. Akaelezwa – na mbio za kunipa cheo nikazieleza mwenyewe, sijui mdomo aliutuma nani. Akasema si tumbo moja nyie? Dada yako umri unakwenda, wewe bado kijana, utaandika nyengine. Usimharibie.

Suwedi kacheka kidogo. Haya mama. Akanitilia nyama sahanini, fungu lake.

Najichukia. Na nyama nikaila.

Jumapili, 9 Februari

Bado sijabonyeza. Nimefua mapazia yote ya nyumba. Nimegombana na paka. Joto hili la kaskazi!

Jumanne, 11 Februari

Badrudin kaiweka makala ya mbu juu kabisa ya faili langu. Kamati itaanzia hapo, anasema, watakuuliza uwasimulie. Nikafungua mdomo nimwambie.

Nikamwambia ahsante.

Jumatano, 12 Februari

Kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Naandika ili muda upite. Buibui limeniloa mgongoni.

Nimeamua. Nikiingia tu nasema: hii si yangu, ni ya ndugu yangu. Kisha namwandikia Suwedi barua ya kuthibitisha, leo leo, siku haijesha. Wallahi nimeamua. Au niwaache waulize kwanza? La. Nasema mimi.

Suwedi kapiga simu sasa hivi. Sauti yake ya kila siku. Da Suma, ushakunywa chai? Akasema usiwe na wasiwasi, wale wa ng'ambo nshawaandikia tangu asubuhi. Nimewaambia mko sawa, mimi sina makala, ile ni ya dada yangu.

Nikamwambia Suwedi! Akanikatiza. Sikiliza, watakubana kwenye mbu, usije ukababaika. Wanauma barazani, baada ya magharibi, wanaume kuliko wanawake, kwa sababu wanawake wako jikoni kwenye moshi. Umeshika? Wakiuliza kwa nini, waambie moshi.

Machozi yananitoka hapa mbele za watu. Karani kajifanya hanioni.

Moshi. Barazani, baada ya magharibi, wanaume kuliko wanawake. Nnarudia nini mimi? Nimesema nimeamua! Barazani, baada ya magharibi –

Mlango umefunguliwa, nnaitwa. Naam. Wanaume kuliko wanawake, kwa sababu ya