Mfuko wa Matabaro

Baba yangu fundi,

Kwa heshima zote, mbele ya mama, kuku wake watatu na majirani wawili, natangaza kwamba kile kifungo cha koti lako la misa kimepatikana. Kilikuwa chini ya mashine yako ya kushonea, kimelala kwenye mafuta. Tulikitafuta mpaka tukamshuku mbuzi wa jirani, na tukakuzika na koti likiwa na kifungo pungufu. Mbuzi ameombwa radhi.

Mashine hiyohiyo ndiyo ninayoshonea sasa. Unakumbuka nilivyojifunza kusoma? Kwenye magazeti uliyokatia mifano ya nguo. Mpaka leo habari za dunia nazijua zikiwa na matundu ya kwapa. Labda ndiyo sababu mambo makubwa, haki, sheria, adhabu, siyajui mpaka mwisho. Kuna mahali pamekatwa.

Kama siku ile karani wa teritware, ile ofisi ya serikali, alipokuja na agizo kama mtu anayeagiza pazia: mfuko mmoja mweusi, wa kufunika kichwa cha mtu atakayenyongwa. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Jina lake nani?" ukauliza.

"Jina la nini, fundi? Hapa wameandika kichwa kimoja."

"Minye sishonei muntu sijamuona."

Huo ulikuwa mwiko wako kweli. Hata shati la mtoto, ulitaka mtoto mwenyewe asimame mlangoni umpime kwa ile kamba yako yenye mafundo. Karani alicheka, lakini akakupeleka gerezani, nami nikafuata nimebeba chaki.

Aliitwa Matabaro, mkulima wa mpunga kutoka Bwegera. Alimuua jirani yake kwa jembe wakigombea maji ya shamba, wala hakukana. Alisimama mbele yako na pingu, akanyoosha shingo kama anapimwa koti la arusi. Ulimpima polepole, ukaandika jina lake kwa chaki kwenye kitambaa, halafu mazoea yakakuponyoka: "Rudi Alhamisi, ujaribu."

Askari waliangua kicheko. Matabaro naye akacheka. "Fundi, minye siko natoka humu."

"Basi nitakuja minye," ulijibu, hata hukutabasamu.

Hapo akakuinamia, akagusa kifua kwa kidevu. "Ushone murefu, mupaka hapa. Watanipeleka kwetu, na mama yangu watamusimamisha mbele. Sitaki aone uso wangu."

Kesho yake mke wa yule aliyeuawa alikuja dukani. Alikuwa amehamia kwa ndugu zake Mulongwe, hapahapa Uvira, na huko habari zilikuwa zimekwisha kumfikia.

"Fundi, mume wangu alizikwa ndani ya mukeka," alisema. "Yeye nani alimupima?"

Uliacha mashine. Ukampa kiti, naye akakaa mpaka jua likaingia kizingitini. Alipoondoka nilidhani utaikunja ile kazi. Ukaendelea.

Nilikukasirikia, unajua. Nilikwambia, "Baba, ukiwashonea, na weye uko unanyonga."

Ulikata uzi kwa meno. "Labda. Lakini kama hakuna atakayemupima, anaisha kufa tangu leo."

Mshono uliugeuzia nje, usimkwaruze. Na upindo ukauachia akiba ya kidole kimoja, kama unavyowaachia watoto, nguo ipate kuongezwa wakikua. Nilipokuonyesha uliutazama kwa muda mrefu. Hukuufumua.

Alhamisi ulikwenda kumjaribisha. Ulirudi na neno moja tu: "Umemuenea." Walipompeleka kwao, ulifunga duka siku mbili, na hakuna aliyethubutu kukusimulia.

Sasa mimi ndiye napima watu, na nimeanza kukuelewa kwa vidole kabla ya akili. Ukimzungushia mtu kamba shingoni kwa ajili ya kola, unasikia anavyomeza mate. Karani aliona karatasi, askari waliona pingu, bwana mkubwa wa teritware aliona muhuri wake. Nadhani ni kwa njia hiyo watu wema wengi wanaweza kumuua mtu mmoja bila kukosa hamu ya chakula. Wewe ulimuona. Hukumwokoa, na nilikulaumu kwa hilo mpaka ukaingia kaburini. Unisamehe, baba.

Yule mjane bado namsalimia sokoni. Mwaka jana nilimshonea vazi, nikampima mara mbili bila sababu. Lile swali lake, nani alimpima mume wake, sidhani lilijibika Matabaro alipokufa.

Pumzika, baba. Mama anakusalimu. Na kwa kuwa hukupenda kumficha mteja kasoro, nakuambia na hili. Karani amehamishiwa Kamanyola, na kabla ya kuondoka alipita dukani kuniaga. Alisema siku ile ya Matabaro walifika Bwegera na kamba, padri na karatasi zote. Mfuko ulibaki Uvira, kabatini mwa ofisi yake; alisahau kuuchukua.

Binti yako