Siku Tulipowafunga Wete Kwao

Chake Chake, Pemba
Jumatano, 12 Aprili 1961

Kwa mdogo wangu Mwatum,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima, umeshazoea wali wa bweni na kelele za mji wa Unguja. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mola. Goti la mama limepoa tangu alipoanza kulichua kwa mafuta ya mbarika, na kila akisikia kuwa meli imefika Mkoani huniuliza kama nimepita posta. Masika yamekaza. Ua wetu umekuwa bwawa, na bata wa Bi Khairiya wamehamia kwetu kabisa, hata ukiwafukuza hawasikii.

Ama mimi, kiwiliwili ni kizima, roho ndiyo haijatulia. Tangu Jumapili nikikaa kwenye cherehani nasimama, nikisimama nakwenda mlangoni, nikifika mlangoni sijui nimefuata nini. Jana nimeikata kanzu ya mtu shingo ya kumtosha fahali, na sijui nitamwambia nini akija kuichukua. Na haya yote, utacheka, yameletwa na mpira wa kikapu.

Habari yenyewe pengine umeshaipata huko: Chake tumewafunga Wete, tena kwao. Unajua mapenzi yangu na mchezo huu. Tangu Mwalimu Soud alipotundika ringi ya kwanza kwenye mnazi, watu wakamcheka kwamba anatega popo, mimi sijakosa mechi. Na unajua pia kuwa Wete kwao hatujapata kushinda. Kila mwaka tulikwenda na wachezaji na tukarudi na visingizio: jua lilikuwa machoni, upepo ulikuwa wao, refa ni binamu wa kapteni wao. Basi ushindi kama huu ulitakiwa unifanye nicheze ngoma njiani. Hebu nikueleze kwa nini sikucheza.

Taabu ilianza kabla ya safari. Mwalimu Soud alinipa kazi ya kushona jezi mpya. Nilipomuuliza rangi gani, alitaja moja akaifuta, akataja ya pili akaifuta nayo. Huku kwetu siku hizi kila rangi ina mwenyewe. Ukivaa hii wewe ni wa chama hiki, ukivaa ile wewe ni wa chama kile. Mwisho tukashona kwa kaki, kitambaa kile cha suruali za skuli, na vijana wetu wakatoka kama wafungwa wanaofyeka kando ya barabara. Kisha likaja suala la gari. Gari la abiria la mtu wa chama chetu, wachezaji wa chama cha pili hawalipandi. Lile la mtu wao, wetu hawalipandi. Tukaishia kwenye lori la kubebea makonyo ya karafuu, ambalo halijapata chama kwa kuwa tajiri wake hajali kitu ila zao lake.

Ndani ya lori wao wakakaa huku, sisi tukakaa huku, na Mwalimu Soud katikati juu ya gunia kama jiwe la mpaka. Mabruki, ambaye kila safari ndiye anayetuongoza kuimba, alianza ule wimbo wetu wa kuwakejeli Wete. Akakatizwa kwenye ubeti wa kwanza. Wale wenzetu walisema wimbo huo umeshatiwa maneno ya chama chetu. Akaanza mwengine, tukampinga sisi. Basi tukaenda kimya njia nzima, mashabiki wa mpira kama watu wanaokwenda kuzika. Nako kuzika, Mwatum, siku hizi hatwendi pamoja.

Tulipofika Wete mvua ilikuwa imekatika. Walikuwa wamemwaga mchanga uwanjani kuzuia utelezi, na watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Wa kwanza kufunga alikuwa Himid. Najua jina hili litakusimamisha kusoma. Nivumilie, nitafika kwenye maneno yake.

Himid alipofunga nilisubiri kelele za upande wetu, zikaja nusu. Nusu ya lori letu walikuwa wamefumba midomo. Makofi mengine yalitoka ng'ambo, kwa watu wa Wete wenyewe, wanaume na ndevu zao wamesimama wanampigia makofi Mchake anayewafunga! Nikamuuliza Mabruki hawa wamepatwa na nini. Akanijibu bila kunitazama kwamba wale ni wa chama cha Himid. Na haikupita muda, yule mrefu wao alipotutumbukizia mpira juu ya vichwa vyetu, Mabruki akapiga makofi. Mabruki wa Chake! Alipozindukana aliitazama mikono yake kama iliyoshika kitu kichafu, kisha akaikalia. Yule mrefu ni wa chama chetu.

Baada ya hapo sikuuona mpira. Niliona makofi tu. Nilikuwa nikihesabu moyoni nani amemshangilia nani, na kila uso niliokuwa nikiujua tangu utoto niliuuliza: wewe wa wapi? Nilitafuta mtu mmoja anayeshangilia Chake kwa kuwa ni Chake, na mtu mmoja anayeililia Wete kwa kuwa ni Wete. Labda walikuwepo. Macho yangu hayakuwaona.

Ila vijana wenyewe walicheza, Mungu awape afya. Shaame, kapteni wetu, ni wa chama chetu kindakindaki, baba yake ndiye anayebeba bendera kwenye maandamano. Na kila akizingirwa, mtu wa kwanza aliyekuwa akimtafuta ni Himid. Walikuwa wakipeana mpira bila hata kutazamana, wametapakaa matope, jezi zote rangi moja. Palipokuwa na Chake siku ile ni ndani ya mistari ya uwanja tu.

Mwisho ukafika, refa ameshaanza kuitazama saa yake. Wete wana thelathini, sisi ishirini na tisa. Shaame akaudunda mpira mpaka pembeni, wakamfunika wawili, akauchomoa chini ya makwapa yao ukamfikia Himid. Himid hakuwa mahali pazuri. Akaruka, akautupa kutoka mbali. Mpira ukagonga ubao, ukapanda, ukazunguka juu ya ringi kama usiyetaka kuamua, kisha ukatumbukia. Firimbi ikalia hapo hapo.

Tumeshinda. Mwalimu Soud alipiga magoti kwenye matope. Lakini kelele zile, Mwatum, hazikuwa kelele za ushindi nilizokuwa nikiziota. Zilikuwa na matundu. Huku wanapiga vigelegele, huku wamenuna, na walionuna wengine ni wetu na waliofurahi wengine ni wao. Watu wa Wete wa chama chake wakamvamia Himid, wakambeba, wakasema yeye na wachezaji wenzake wa chama wanalala kwao leo, watakula pilau. Sisi tukapanda lori letu, na nusu ya wachezaji hawamo.

Tuliingia Chake magharibi. Watu walikuwa wametoka madukani kutupokea, maana habari ilitutangulia. Wakauliza aliyefunga yuko wapi. Tulipowaambia, wengine waligeuka wakaenda zao na wengine ndiyo kwanza wakashangilia. Mwalimu Soud alishuka, akanishika bega, akanambia angetamani tungefungwa vibaya tukarudi sote. Kisha akenda zake kuswali.

Uchaguzi wa Januari uliisha bila mshindi, na sasa tunaambiwa tunarudi tena kupiga kura mwezi wa Juni. Kila mtu anasema mara hii itajulikana. Mimi neno hilo linaninyima usingizi.

Sasa nakuja kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Mpira ule ulipokuwa hewani, mimi nilitaka ukose. Sikukusudia, wala sikuwa nimekaa nikafikiri. Ulitoka mkononi mwa Himid, na moyo wangu ukasema: usiingie. Mimi, niliyekwenda Wete kila mwaka kwa ajili ya siku hiyo. Nilitaka Chake tushindwe ili chama cha Himid kisipate pa kujivunia. Ulipoingia nilipiga makofi, na makofi yangu yakachelewa, nikayasikia mwenyewe kuwa yamechelewa.

Na usiku ule nilijua kuwa haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Shaabani tulikuandikia kwamba watu wa Himid wamebadili nia, kwamba hawaleti posa tena. Si kweli, mdogo wangu. Himid hakujitoa. Sisi ndio tuliomrudisha. Wazee wake walikuja nyumbani kwa Ami Jaribu siku chache baada ya kura, na haluwa yao na heshima zao. Ami aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuwa mtoto wa nyumba hii haendi kupika kwenye nyumba ya chama kile. Akanigeukia mimi, akaniuliza nasemaje. Nilikuwa nikitazama jamvi. Nikasema neno ni lake yeye. Na mimi nilijua, na yeye alijua, kuwa baba akiwa hayupo wali wako, mwenye haki ya kukuozesha, ni mimi, ami ni baada yangu. Barua uliyoletewa aliisema yeye na nikaiandika mimi. Ulijibu kwamba kila jambo na majaliwa yake, ukauliza habari za mvua, na nikajidanganya kwamba hukuumia.

Jana baada ya alasiri nilikwenda kwa Himid, pale anapotengeneza baiskeli. Alikuwa akinyoosha gurudumu, na hakuacha kulizungusha. Nilimpongeza kwa ushindi. Akasema, "Nyange, nilikuona."

Nikamuuliza aliniona wapi.

"Nilipotupa," akasema. "Mpira ukishatoka mkononi si wangu tena. Watu wote walikuwa wakiutazama, miye nikakutazama weye."

Hakunitukana, na laiti angenitukana. Nilikaa juu ya sanduku lake la spana nikamwambia yale niliyokwendea: kwamba akileta posa tena, aniletee mimi, na mimi nitaipokea. Aliliachia gurudumu likazunguka mpaka likasimama lenyewe. Akanambia kwao nako mambo yamebadilika. Mama yake ameapa kuwa mguu wake haukanyagi tena kwa watu waliowatoa na haluwa yao mkononi. Mama yake, alisema, atazungumza naye mwenyewe, anamjua pa kumshika. Lakini posa haileti tena kwa kubahatisha. "Mlikaa wanaume watano mkalijadili jambo," akanambia, "na mwenyewe hakuulizwa. Kamuulizeni yeye. Akinikataa yeye, nitajua nimekataliwa."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kila kitu. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Akasema kama ni kuulizwa, yeye pia hakuulizwa. Halafu akasema nikuandikie kukicha tu, kabla roho yangu haijapata sababu ya kungoja.

Basi nakuuliza, Mwatum. Je, bado unamtaka Himid? Sikufichi kwamba ukisema ndiyo mambo hayatakuwa mepesi. Ami Jaribu atasusa, na wako wateja wangu watakaosusa pamoja naye. Tayari wa upande wa pili hawaniletei vitambaa, na sasa hata wetu wataacha. Huenda harusi yako ikawa na watu wachache kuliko mazishi ya maskini. Na huko utakakokwenda, mama mkwe atakupokea na uso uliokunjwa kama wa siku ya kura. Ukisema hapana, nitakwenda kumwambia Himid kwa mdomo wangu, na nitahakikisha haambiwi uongo kama ulioambiwa wewe. Yote mawili nitayasimamia. Ninaloomba ni kwamba usinijibu kwa kunionea huruma, wala kwa kunikomoa, ingawa haki ya kunikomoa unayo.

Mama anakusalimu sana na anakuombea dua kila baada ya swala. Bi Khairiya anakusalimu, anasema ukirudi bata mmoja ni wako. Mabruki anakusalimu, tangu Jumapili naye hakai pahala pamoja, amepita hapa mara tatu kuniuliza kama nadhani Mwalimu Soud ataitisha mazoezi wiki hii, na mara zote nimemwambia sijui. Nakutumia kashata ulizotaka kwa mkono wa Bi Mgeni, anayesafiri na meli ya kesho. Uwagaie na wenzako wa bweni.

Ami Jaribu hajui kuwa nimekuandikia. Nitamwambia kesho asubuhi, barua ikiwa imeshaondoka na hawezi tena kuirudisha. Jibu lako liandike kwa jina langu, usilipitishe kwake. Wali wako ni mimi.

Wassalaam,

ndugu yako,
Nyange