Mazoezi ya Kumtafuta Paka

Ludivine, binti mkaidi,

Mimi mzima, ila meno yananihama. Jibini la mwaka huu ni kali kuliko marehemu mama yako.

Zita muuza mikate kaniambia, "Mzee, mwanao kajiporomoshea theluji ya mlima mzima, eti aipime akiwa handakini! Mlango ukafukiwa, yeye na wenzake wakachimbuliwa jioni." Wewe uliniandikia kwamba mlichelewa kula tu.

Vile vyombo viwili ulivyoviacha, vya kumtafutia aliyefukiwa na theluji, sasa vina kazi. Kimoja nimemfunga paka shingoni, kingine, kinacholia kila nikimkaribia, nakishika mkononi, namsaka nyumba nzima. Nimekuwa hodari. Lakini kila siku nampata palepale, kitandani kwako.

Njoo Jumapili, mwanangu. Nataka kukupata mezani.

Babako asiyelala,
Gratien