Mume na Mke ni Faili Moja

Jumatatu, 13 Aprili 2015

Zamu imekwisha saa tisa alasiri. Nimepitia Grant Street, nimenunua sombe, majani ya muhogo, na unga wake. Nyumbani nimevua viatu na kupanda ghorofani kukagua vyumba viwili vya watoto, kama nifanyavyo kila siku tangu Januari alipoondoka mwanetu wa kiume, Amani. Madirisha yamefungwa. Hita zimezimwa. Hakuna cha kukagua, lakini nimekagua.

Nikiwa nanawa mikono nimearifiwa na mke wangu. Neno ni hilo: nimearifiwa. Sikuulizwa. Furaha, binti yetu aliyeolewa Louisville, alimpigia mama yake simu mchana. Amekwisha kuzungumza na mdogo wake Amani huko Columbus. Wamekubaliana, watu wawili ambao mimi ndiye niliyewafundisha kushika kalamu, kwamba nyumba hii ya mtaa wa Black Rock ni kubwa mno kwa wazee wawili. Iuzwe. Mama aende Louisville, kwa kuwa Furaha atajifungua mwezi wa saba na anahitaji msaada. Baba aende Columbus, kwa kuwa Amani anaishi peke yake na anakula vibaya.

Mama huku, baba kule. Kama mbuzi wa mahari wanaogawanywa baina ya wajomba.

Nimemuuliza mke wangu amewajibu nini. Aliwajibu: "Bon, nimesikia." Basi. Sombe sikuila.

Jumanne, 14 Aprili

Kazini mashine ya kufunga makasha ilikwama, nikaipiga teke. Sijivunii.

Naiweka hapa kumbukumbu hii kwa ukamilifu wake. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa miaka kumi na mitatu, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa barua wa mtaa wetu. Shule niliiacha darasa la sita. Kiswahili sanifu nilikipata kwa redio na kwa kamusi moja isiyo na jalada. Watu walinijia na balaa la aina moja: faili la mume limeitwa kwenda ng'ambo, faili la mke limebaki kabatini. Niliwaandikia. Kila barua niliitia sentensi ile ile: "Mume na mke ni faili moja, na faili halipasuliwi katikati." Maafisa walisoma, wakarekebisha. Si mara zote. Mara nyingi.

Leo, hapa Marekani, linapasuliwa na watoto wangu wa kuzaa. Kwa simu.

Jumapili, 19 Aprili

Kanisani. Mke wangu aliimba kwayani, sauti ya pili, kanga mpya. Baada ya ibada, shemasi mmoja Mrundi anayekamua ng'ombe katika shamba la maziwa kusini ya jiji amenipa habari ya nyumba inayouzwa. Ya mbao, nyeupe, ghala nyuma, ardhi ya kutosha mahindi na maharage. Mwenyewe ni mzee wa Kimarekani. Amehamishwa na wanawe.

Nimeamua pale pale, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Hatutakwenda Louisville. Hatutakwenda Columbus. Tutakwenda shamba, sote wawili, chini ya paa moja, na atakayetaka kutuona atakuja na viatu vya matope.

Ndani ya gari nimemweleza mke wangu. Amesema: "Tutaona, Baba Furaha." Nimelichukua neno hilo kuwa idhini.

Jumamosi, 25 Aprili

Tumekwenda kuiona. Mwendo wa saa moja na nusu. Jiji limekwisha, maduka yamekwisha, yamebaki mashamba, ng'ombe, na theluji chafu iliyokataa kuondoka chini ya miti. Nyumba imesimama peke yake. Jirani wa karibu alionekana mdogo kama kijiti. Alinipungia kofia. Nikampungia.

Nilipiga magoti nyuma ya ghala nikashika udongo. Mweusi. Mzito. Una harufu. Tangu tulipokimbia vita kwetu Fizi sijashika udongo ambao ungeweza kuwa wangu. Sikulia, ila nilikaribia.

Mke wangu alibaki garini kwanza, kisha akatoka, akasimama barabarani na mkoba wake mikononi. Aliuliza mambo mawili tu.

"Kanisa iko wapi?"

Nikamjibu kwamba kanisa ni lile letu, tutakuwa tunaliendea.

"Na basi inapita hapa?"

Nilicheka. Basi la nini, na mimi nina gari? Hakucheka. Alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule, akarudi garini.

Dalali anataka jibu kabla ya katikati ya Mei.

Jumapili, 26 Aprili

Nimekaa mezani tangu tutoke kanisani. Rasimu tatu. Ya tatu imesimama vizuri. Nainakili hapa sehemu yake:

"YAH: PINGAMIZI DHIDI YA UAMUZI WA KUWATENGANISHA WAZAZI. Sisi tuliotia saini hapa chini, wazazi wenu halali, tunapinga kwa kauli moja uamuzi mliouchukua bila kutushirikisha. Mume na mke ni faili moja. Aidha, tunapenda kuwafahamisha kuwa tumechagua kwa hiari yetu kuishi shamba, na kwamba uamuzi huu hauna rufaa."

Haina neno lililolegea. Nimetia saini upande wa kushoto. Upande wa kulia nimechora mstari kwa ajili ya Mama Furaha. Nimeiacha mezani, kalamu juu yake.

Jumatano, 29 Aprili

Mstari bado mtupu.

Barua nimeikuta juu ya friji, chini ya bakuli la vitunguu. Kalamu mke wangu ameirudisha kikombeni. Mwenyewe ameshakwenda kazini, kwa wazee anaowaogesha na kuwalisha, zamu ya jioni. Hakuacha neno. Aliacha ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, vimefunikwa.

Nimeirudisha mezani. Nimetoa kalamu kikombeni.

Kimya chake kinanikera kuliko kelele za wale wawili. Adui anayepinga unamjibu. Anayefunika ugali unamjibu nini?

Ijumaa, 1 Mei

Nimempigia Amani ili kumsomea barua kwa simu. Sikufika aya ya pili. Amenikatiza, kwa Kiingereza, kwamba hakuna anayemtenganisha mtu, kwamba Louisville na Columbus si mbali. Nikamwambia aseme lugha ya mama yake. Akasema, kwa lugha ya mama yake:

"Papa, weye unataka kuwa fermier, mulimaji, na miaka sitini na mbili? Mgongo yako inalia ukiinama kufunga viatu!"

Nikasikia mtu anacheka nyuma yake. Rafiki zake wa kazini, kwenye ghala la bidhaa. Mgongo wangu umekuwa mzaha wa vijana wa ghalani.

Kisha akauliza jambo la kipuuzi, kama Mama amekubali. Nikamwambia barua inasema "kwa kauli moja." Akauliza tena. Nikakata simu.

Kesho wanakuja wote wawili. Furaha, na tumbo lile, ameshafika Columbus. Wanakuja "kuongea na Papa," kana kwamba mimi ni homa ya kutulizwa.

Barua ipo juu ya friji. Nimeirudisha mezani.

Jumamosi, 2 Mei

Lazima niandike yote kwa mpangilio.

Walifika saa saba mchana. Salamu, chakula, Furaha akainua miguu juu ya kiti. Kisha nikasimama na kuisoma barua yangu mwanzo hadi mwisho. Amani alitazama zulia. Furaha aliziba mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Papa, 'wazazi wenu halali'? Sasa nani alisema nyiye ni wa haramu?"

Nikaanza kumjibu. Sauti yangu ilipanda. Nilisema walichokifanya hata serikali haikuthubutu kukifanya. Nilisema nimewatoa porini mgongoni, mgongo huu huu wanaoucheka. Furaha naye akapandisha sauti: nani alimwambia anataka kumwiba mama? Anahitaji mama yake wiki chache tu, kuna ubaya gani? Nikasema kuuza nyumba si jambo la wiki chache. Amani akasema nyumba ilikuwa wazo la Furaha. Furaha akasema lilikuwa la Amani. Wakageukiana.

Hapo ndipo mke wangu aliponyanyuka. Alikuwa anakunja vitambaa vya meza. Alikiweka cha mwisho juu ya vingine, akakisawazisha.

"Bon," alisema. "Baba Furaha, nikuulize. Hiyo 'sisi' uliandika, ni nani na nani?"

Nikamwambia ni mimi na yeye.

"Miye ulinikuta wapi ukaniuliza?"

Akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, nayaandika maneno yake yalivyo:

"Kule kambini batu balikuja kwako, hata bale habajui kusoma. Ulikuwa unabasomea barua mara mbili mbele ya kuweka kidole. Mara mbili! Nilikuwa nakaa pale na chai, nakusikia. Unabauliza, 'Mama, ndivyo ulivyosema? Nibadilishe wapi?' Miye bibi yako haukunisomea hata mara moja. Unaniachia kalamu juu ya meza kama miye ni mfanyakazi wa ofisi."

Amani alitabasamu. Kosa kubwa. Mama yake akamgeukia.

"Na weye usicheke! Nyiye pia mulinikata kama mukate. Kipande ya Louisville, kipande ya Columbus. Nilisema 'nimesikia.' Nani alisikia nasema 'nimekubali'?"

Kisha akanirudia mimi. Alisema amelima tangu akiwa na meno ya utotoni, amelima na mimba, amelima kambini mahali palipokatazwa kulima. Yeye na jembe wameshaagana. Alisema yeye haendeshi gari, na kule shamba ingembidi aniombe mimi ruhusa hata ya kwenda kununua chumvi.

Akavaa koti. Akaenda mazoezi ya kwaya. Kwa basi.

Tulibaki watu watatu na vitambaa vilivyokunjwa.

Jumapili, 3 Mei

Watoto wameondoka alfajiri. Mke wangu aliwafungia ndizi na samaki kwa safari. Furaha alinikumbatia kwa upande, kwa sababu ya tumbo. Amani alisema, "Tutaongea, Papa."

Nina hasira na Furaha. Nina hasira na Amani. Nina hasira na mke wangu kwa kunivua nguo mbele yao. Hasira ya nne sijajua niiandikie nani.

Jumanne, 5 Mei

Nimeandika utetezi wangu. Kurasa mbili. Hoja ya kwanza: nia yangu ilikuwa kutulinda. Hoja ya pili: muda ulikuwa mfupi. Hoja ya tatu: alisema "tutaona."

Nimeusoma mara mbili, kama kanuni. Mara ya pili nimeuchana. Hoja ya tatu ni ya mwanasheria mchovu.

Ijumaa, 8 Mei

Gari limekataa kuwaka. Fundi analo hadi Jumatatu. Leo sina zamu, na mke wangu alikuwa anakwenda Grant Street kununua vitu kabla ya kazi. Nikasema nitamsindikiza. Akasema, "Kama unataka."

Naandika nilichokiona, bila maoni.

Dereva wa basi, mwanamke mweusi mnene, alimwita mke wangu "Mama" na kumuuliza goti linaendeleaje. Alimjibu. Kwa Kiingereza. Kirefu, chenye makosa, chenye vicheko. Miaka sita namtafsiria mke wangu barua za shule na za hospitali na sikujua kwamba anazungumza hivyo. Bibi mmoja wa Kiburma alikuwa amemwekea kiti kwa mfuko wake. Alipoona mimi niko naye aliuondoa mfuko kwa shingo upande. Dukani muuza samaki alimtolea samaki wabichi kutoka chini, si wale wa juu. Barabarani alisimamishwa na watu wanne. Hakuna aliyeniuliza mimi jina. Nilibeba mifuko.

Nimeishi katika jiji hili kama mtu anayesubiri kuhamishwa. Yeye ameishi.

Basi, hayo ni maoni. Yabaki.

Jumatatu, 11 Mei

Nimemfahamisha dalali kwamba hatutaichukua. Aliuliza sababu. Nikamwambia sikuwa na mamlaka.

Udongo ule bado uko chini ya kucha zangu, ndivyo ninavyohisi, ingawa nimenawa wiki mbili. Nimekasirika tena, safari hii juu ya udongo. Umbali ule wote tangu Fizi ulikuwa wa nini? Mtu afe bila kupanda kitu?

Jumamosi, 16 Mei

Asubuhi mke wangu aliondoa vyombo, akafuta meza, akaweka karatasi mbele yangu. Alitoa kalamu kikombeni mwenyewe.

"Andika," alisema. "Lakini usinitengenezee."

Nimeandika. Alisema kwamba anakaa Black Rock. Kwamba atakwenda Louisville mwezi wa saba kumshikia Furaha mtoto, na atarudi majani yakianza kuanguka, na tiketi ya kurudi ikatwe pamoja na ya kwenda. Kwamba Amani ajifunze kupika maharage, si kazi ngumu. Kwamba nyuma ya nyumba kuna uwanja ambao bwana wake anaupita kila siku akienda kutupa taka, na kwamba ukiondolewa lile banda lililooza unaweza kuingia mahindi, maharage na mchicha wa lengalenga, naye atamwagilia lakini hatalima.

Aliposema "batoto bangu" niliandika "batoto bangu."

Nikamsomea mara ya kwanza. Akafunga macho kusikiliza. Nikamsomea mara ya pili. Nikamuuliza nibadilishe wapi. Alisema popote palipoandikwa majani, niongeze "bila kuchelewa." Nikaongeza. Akatia saini, polepole, herufi zote za jina lake.

Kisha akanigeuzia karatasi.

"Na weye? Unakubali?"

Sikuchukua kalamu. Nilimwomba anisomee. Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha, kisha akavaa miwani yangu akasoma, kidole chini ya kila neno. Nikamwomba mara ya pili. Akasoma.

Nikatia saini chini ya yake.

Mchana tumevunja banda. Alishika upande mmoja wa mbao. Udongo wa hapa ni wa kijivu, una misumari na vipande vya matofali. Nimeujaribu kwa jembe kandokando ya uzio, hatua kumi hivi. Unachimbika.