Mgeni wa Saa Kumi

Chuoni, Mwanza
7 Machi 1988

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Nyakasimbi mvua imeanza? Na yule mbwa wako mvivu, Askari, hajambo? Mimi mwili ni mzima, ila moyo bado. Tangu Baba azikwe nami niko huku kwenye mitihani, usingizi umenikimbia. Darasani nasikia sauti ya mwalimu lakini maneno hayaingii. Nilidhani nashikwa na wazimu, nikaona aibu kumwambia mtu.

Sasa nimepata dawa ya ajabu kidogo. Sista mmoja mgeni alituachia maktaba kanda za kaseti kwa ajili ya wanafunzi wenye mawazo mazito. Hakuna daktari wala mwalimu. Unajifungia peke yako, unasikiliza, unafuata unavyoambiwa. Kanda ya kwanza ni ya kupumua. Ya pili inasema: fumba macho, nenda mahali unapopapenda, ingia, keti. Basi kila saa kumi jioni naazima redio ya Costansia, mwenzangu wa chumbani, nakuja nyumbani. Napita katikati ya migomba, napita kaburi la Baba ambalo sijawahi kuliona, naingia ndani, naketi kwenye kigoda chake. Siku hizi nalala kama mtoto.

Kitu kimoja kimenichekesha. Katika mawazo yangu mtungi wa maji umehamia nyuma ya mlango, na msalaba wa Baba umeinama upande wa mibuni. Akili nayo ina mambo yake!

Mwanao,
Kemilembe

*

Nyakasimbi
26 Machi 1988

Mwanangu Kemi,

Marahaba. Hapa tu wazima, yaani mimi, Askari na kuku. Mvua imenyesha mpaka tumeichoka.

Nani amekuambia habari ya mtungi? Niliuhamisha baada ya wewe kuondoka, kwa sababu moto wa jiko ulikuwa unaupasua. Na msalaba umeinama kweli, ni mvua hiyohiyo. Nilimuuliza jirani yetu Stephania kama amekuandikia, akanicheka. Hata jina lake anaandika kwa shida.

Nikuambie na lingine, usinione mzee. Kila jioni saa kumi Askari anaamka, anakwenda mpaka mwanzo wa migomba, halafu anarudi polepole akitikisa mkia, anatembea pembeni kama anayempisha mtu. Nyasi nilizotandaza sakafuni nazikuta zimelala mbele ya kigoda cha baba yako, na hakuna aliyekikalia tangu afe. Juzi nikasema kwa sauti, "Kama ni wewe Kemi, mbona huamkii?" Kuku wote wakanyamaza. Nywele zilinisimama, nakuambia.

Lakini mimi simnyimi mgeni heshima yake. Nimeweka kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo karibu na kigoda, kama tunavyomwekea yeyote anayeketi kwetu.

Mama yako,
Placidia

*

Chuoni, Mwanza
14 Aprili 1988

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi.

Mama, ile kahawa nimeitafuna. Niliamka kwenye kiti changu hapa chuoni na uchungu wake ulikuwa bado kwenye ulimi, hata Costansia alisikia harufu yake mdomoni mwangu akauliza nimeipata wapi.

Nina furaha, lakini kuna jambo. Siku hizi kwenda ni rahisi, kurudi ndiyo kazi. Mwalimu aliita jina langu darasani, sikusikia mpaka Costansia akanifinya. Jana nilikuwa nafua nguo na wakati huohuo nakuona unamenya ndizi, na ukajikata kidole gumba. Kipeperushi kilichokuja na kanda kinasema kanda ya tatu ni ya kurudi, na mtu asiikose. Nimeisikiliza. Ni kwaya tupu. Kuna watu waliorekodi nyimbo zao za Pasaka juu yake, na sista amekwisha kurudi kwao.

Wala sijali sana. Hapo kuna joto, na wewe unaimba ukiwa unapika. Nilikuwa sijui kama unaimba ukiwa peke yako.

Mwanao,
Kemi

*

Nyakasimbi
29 Aprili 1988

Kemi mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila kidole bado kinauma, kama ulivyoona.

Siimbi peke yangu. Nilianza kuimba ulipoanza kuja. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza mno, nilikuwa napika ndizi nusu chungu na bado zinalala. Sasa natandaza nyasi mbichi kila asubuhi, najaza kahawa, na ikifika saa kumi namwambia Stephania aende kwake, nina mgeni. Anatikisa kichwa. Mwache atikise.

Hiyo kanda ya kurudi usihangaike nayo sana. Kwani unaharakisha kwenda wapi? Keti, mwanangu. Siku hizi hata giza likiingia nyasi hazijainuka, na mimi nafurahi.

Mama yako,
Placidia

*

Chuoni
15 Mei 1988

Mama

Costansia amenishika mkono ili niandike. Wananilisha. Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao, nao wanasema nisipouandika nitarudishwa nyumbani, lakini nyumbani tayari niko. Nikifumbua macho naona jiko letu. Naogopa. Nataka kuinuka kwenye kigoda na siwezi kuinuka mama

*

Nyakasimbi
30 Mei 1988

Mwanangu, mwanangu,

Sikuulizi hali, nimeiona. Nimesoma barua yako mbele ya kigoda, nikakisomea kwa sauti, kisha nikalia mpaka Askari akaja kunilamba.

Kosa ni langu. Nilikupa kiti, nikakupa kahawa, nikakutandazia nyasi, na hata siku moja sikukusindikiza. Wapi umeona mgeni wa kwetu akiinuka na kwenda zake peke yake kama mwizi? Mwenye nyumba ndiye huinuka kwanza. Mimi nilikuwa nimeketi, kwa sababu nilikuwa nakutaka. Baba yako alikwenda, wewe ulikwenda, nikaona huyu aliyerudi simwachii.

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo. Kesho saa kumi nitavaa kanga yangu ya njano, nitafumba macho kama ufanyavyo wewe, nitakushika mkono na tutatoka. Tutasimama kwa baba yako umuage, maana hukumuaga. Desturi yetu mwenyeji huishia kwenye mpaka wa shamba, lakini wewe umekaa mno, hapo hapatoshi. Nitakusindikiza mpaka barabarani, na ukisita nitaendelea. Mimi mwisho wangu ni Bukoba. Kutoka hapo njia siijui, utaniongoza wewe. Sitakuachia mkono mpaka uone kitanda chako.

Stephania nimemwachia mbwa.

Mama yako anayekupenda,
Placidia

*

Chuoni, Mwanza
12 Juni 1988

Mama yangu,

Shikamoo! Shikamoo tena! Nimepona!

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe nne jioni, Costansia ananilisha uji, nikanyanyua kichwa nikamwambia hauna sukari. Alitupa kijiko akapiga kelele bweni zima likaja. Nimeandika mitihani yote. Jiko silioni tena, nimejaribu kufumba macho na naona giza la kawaida tu. Kanda nimezirudisha maktaba na kumwambia mkutubi azifungie.

Safari yetu naikumbuka vipande vipande. Kwa Baba tulikaa sana. Ndani ya meli ulinishika mkono, mkono wako ulikuwa wa baridi, ukawa unaniuliza kama ziwa lina mwisho.

Niandikie upesi uniambie umefika salama. Chumba hiki kimeanza kunuka moshi wa kuni.

Mwanao,
Kemi

*

Chuoni, Mwanza
3 Julai 1988

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Naona ajabu kukuuliza.

Barua yako haijaja, nami nadhani najua kwa nini. Wiki iliyopita Costansia alirudi kutoka bombani akaniuliza yule mama wa kanga ya njano aliyeketi kitandani kwangu ni nani, mbona ameamkiwa na haitikii. Mimi sikuona kitu. Niliona godoro limebonyea.

Nilikutafutia kahawa ya kutafuna soko zima, nikaipata kwa Mhaya mmoja, usiku nikaiweka kando ya kitanda. Asubuhi haikuwepo. Ndipo nikashtuka, nikaona nafanya lilelile ulilolifanya wewe. Mama, njia ya kurudi huijui. Hujawahi kufika huku.

Kama mwili wako umebaki nyumbani jinsi wangu ulivyobaki hapa, nani anakulisha huko? Stephania anakushika mkono? Umeketi mbele ya jiko unatazama nini?

Naandika kwako wewe uliye nyumbani, na wewe uliye hapa unanitazama nikiandika. Harufu ya moshi iko begani kwangu. Nimekata tiketi ya meli ya kesho. Costansia amenicheka niliponunua mbili. Nitainuka mimi kwanza, nikushike mkono. Kwenye basi utakaa wewe dirishani.

Barua hii ikitutangulia, Stephania akutafutie mtu wa kukusomea. Na Askari akienda kwenye migomba saa kumi, msimzuie. Ni sisi.

Mwanao,
Kemilembe