Ng'ombe za Kerubo

Jumapili usiku

...ndio jirani akaniuliza mbona kijana wangu Mogaka amenuna siku hizi. Nikamwambia, "Na wako alicheka lini?" Tukacheka sisi wazee.

Lakini roho haitulii. Mogaka alimaliza shule, kazi huko Kisii akakosa, amebaki kungoja ng'ombe za mahari ya dada yake Kerubo ndio na yeye aoe nazo. Leo Kerubo amekuja na bwana yake, mikono mitupu.

"Shemeji, nivumilie. Hata mimi sina kazi," bwana yake akamwambia Mogaka.

"Na msichana wangu, nani atamwambia avumilie?"

Sasa nimkasirikie nani, na wote ni...

Kerubo ananiita huko nje. "Mama, kuja. Mogaka anakatakata boma alilojengea hizo ng'ombe."