Sikukuu Iliyorukwa Baharini

Chumba namba 14, ghorofa ya chini,
Melini, katikati ya maji.
Tarehe 20 (ya 19 nitakueleza ilikokwenda).

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe na watoto? Goti lako linasemaje, bado linatabiri mvua? Mimi mzima wa afya, ila kelele za injini zimenifanya niongee kwa kupayuka kama dalali.

Shangazi, umewahi kuona siku nzima ikipotea? Jana ilikuwa tarehe 18. Leo nimeamka, ni tarehe 20. Siumwi, wala sijalewa.

Jana mchana nilikuta tangazo kwenye mlango wa chumba cha kulia: leo 18, kesho 20. Yaani tarehe 19, sikukuu ya taifa letu, hakuna! Nikapanda ngazi mbio hadi kwa afisa wa zamu.

"Sikukuu yangu mmeipeleka wapi?"

Akachukua kitunguu kwa mpishi, eti ndiyo dunia, akakichora mstari toka juu hadi chini. Meli ikiuvuka mstari huo kuelekea machweo, akasema, kalenda inaruka siku moja. Nikamuuliza ni nani walikubaliana hivyo, na kwa nini mstari upite huku kusiko na mtu wa kulalamika. Akasema ndiyo sababu yenyewe!

Kwa nini nilihangaika hivyo, sababu unaijua. Tangu nikiwa mdogo, kila sikukuu saa mbili asubuhi, mimi na baba tunapandisha bendera mlangoni, yeye kulia kwa mlingoti, mimi kushoto. Nilipomwambia naenda kufanya kazi melini, huyo kaka yako alininunia wiki mbili. Siku ya safari akanitupia kwenye begi bendera ndogo aliyoishona kwa cherehani yake. "Tutaona kama utakumbuka," akasema. Mpaka leo hajajibu barua yangu hata moja. Ningeikosa siku hii, ningeuweka wapi uso wangu?

Ndipo nikamuuliza afisa kwetu ni saa ngapi. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Kumbe melini ikifika saa kumi na moja jioni ya tarehe 18, nyumbani ni saa mbili asubuhi ya tarehe 19. Nilimkumbatia na grisi zangu zote, shati lake jeupe likakoma.

Jioni tukakusanyika wanne nyuma ya meli. Mpishi alitoa mpini wa fagio, tukaufunga kwenye reli, ndio ukawa mlingoti. Nikaimba wimbo wa taifa peke yangu. Ubeti wa pili ukaniponyoka, nikarudia wa kwanza; nani angejua? Fundi mkuu, tunayemwita Kutu, alivua kofia, na hatujawahi kumwona bila kofia. Mpishi akataka kusimama kulia kwa mlingoti. Nikamwambia hapo pana mtu. Akasogea. Nililia, Shangazi, sikufichi.

Tafadhali msomee baba barua hii, hata akijifanya hasikii. Mwambie tulisimama pamoja, yeye asubuhi, mimi jioni.

Nisalimie bibi, wale mapacha wako watundu, na jirani yetu fundi viatu. Mungu awafunike kwa heri, na goti lako liache utabiri.

Ila nijibu jambo moja tu: kushoto kwa mlingoti, baba aliniachia nafasi?

Ni mimi nikupendaye siku zote, hata zile zinazorukwa,
Mtoto wa kaka yako.